Wavu wa ziwa letu: namna ugonjwa unavyokimbia na namna mabadiliko yanavyochelewa

Leo sitaandika juu ya mbolea wala bei ya mahindi sokoni. Nataka kuandika historia, hata kama mimi si mtu wa historia, ni agronomu tu mwenye lisansi yake. Historia hii inaanzia mbali, mwaka 1736, katika mji ambao wengi wetu hatutaufikia, na inaishia katika shamba la mama yangu mdogo, nyuma ya Baraka. Kule mwisho kuna kosa langu mimi mwenyewe, kwa hiyo nawaomba msome mpaka chini.

Nianze na kosa. Mwaka 2019, miezi michache baada ya kumaliza masomo, nilirudi nyumbani na mafungu 12 ya miti ya mihogo ya kupanda. Niliyapata katika bonde la Rusizi, kwa mkulima niliyemwamini. Nilikagua majani mimi mwenyewe, moja moja. Mozaiki hakuna: majani yalikuwa mapana, ya kijani kizuri. Mama mdogo alifurahi sana. Mtoto amesoma, na sasa masomo yamefika shambani. Alijiwekea mafungu manne, manane akagawa: kwa wamama wa kwaya, kwa wenzake wa AVEC, kwa jirani wa shamba.

Miezi kumi na moja baadaye akanitumia ujumbe kwa mtoto: "Agronomu, kuja uone." Nilifika. Juu, mihogo ilikuwa imesimama vizuri tu. Akang'oa mmoja, akaukata kwa kisu. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, sawa vile mbao iliyoliwa. Akakata wa pili, wa tatu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mwanangu, hii njo ile mbegu uliniletea?"

Ilikuwa si mozaiki. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huo majani yake yanaweza kukudanganya, mti unaonekana mzima wakati mizizi imeharibika. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta adui mmoja, nikampitisha mwingine mlangoni nikiwa nimembeba kwenye moto.

Nilichukua kaye, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza: nani alikupa mbegu, na wewe ulimpa nani? Wengine walikuwa wamekwisha kuvuna mapema na kugawa miti. Nilipomaliza, kaye ilikuwa na nyumba 43. Baraka, Lusenda, Mboko, mpaka upande wa pili wa maji, kule Ubwari. Mafungu 12, mwaka mmoja tu. Nikajiuliza: kitu ambacho hakina miguu kimefikaje Ubwari?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi. Kulikuwa na mji unaitwa Königsberg, wakati ule wa Prusia, leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mto Pregel uliugawa mji katika vipande vinne vya ardhi, na madaraja saba yaliviunganisha. Watu wa mji walikuwa wanajiuliza: inawezekana kutembea na kupita kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja?

Mwaka 1736 Euler alionyesha kwamba haiwezekani. Fikra yake ni rahisi sana. Kila ukiingia katika kipande cha ardhi kwa daraja moja, ni lazima utoke kwa daraja jingine. Kwa hiyo madaraja ya kila kipande yanapaswa kwenda mawili mawili, isipokuwa pale unapoanzia na pale unapomalizia. Sasa, kule Königsberg kipande kimoja kilikuwa na madaraja 5, na vile vitatu vingine kila kimoja kilikuwa na 3. Hakuna hata kimoja kinachogawanyika mawili mawili. Basi, safari hiyo haipo.

Lakini kilichonigusa ni kile Euler alichoamua kukitupa. Hakuuliza daraja lina urefu gani, wala mto una maji kiasi gani. Aliuliza swali moja: nini kimeungana na nini? Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ambayo leo inaitwa nadharia ya grafu. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji neno gumu. Ni wavu. Kuna mafundo na kuna nyuzi. Fundo linaweza kuwa mtu, nyumba, kijiji, bandari. Uzi ni chochote kinachopita kati yao: salamu, mbegu, deni, ugonjwa.

Ukishaanza kutazama hivyo, historia ya upande wetu inabadilika sura. Kwenye ramani ya shule, Ziwa Tanganyika ni mpaka, mstari wa bluu unaotutenga na Tanzania. Kwenye wavu, ziwa ni uzi. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi kuja mpaka Uvira. Njia hawakuifungua wao. Walipakiwa na watu waliokuwa wanaijua njia hiyo vizuri, watu wa chumvi, samaki, pembe na, tuseme ukweli, watumwa. Bagamoyo iliungana na Tabora, Tabora na Ujiji, Ujiji na kando yetu hii, na kando yetu na Maniema, mpaka Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Kiswahili ninachoandika hapa kilitembea juu ya nyuzi hizo hizo.

Na kipindupindu pia kilitembea humo. Kulikuwa na daktari Mskoti, James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika pwani kikitokea bara, kupitia nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha kikavuka kwenda Zanzibar na kuua watu wengi mno. Christie alifanya jambo ambalo, kwa mimi, linamweka karibu na Euler. Alikaa na wafanyabiashara wa misafara, akawauliza: mlipita wapi, lini, mliuona wapi ugonjwa? Kisha akaunganisha majibu. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, na ndani yake jografia na biashara vina nafasi kubwa, sababu aliona kwamba huwezi kuelewa ugonjwa bila kuelewa nani anamtembelea nani.

Wakati huo sayansi ilikuwa haijakubaliana bado juu ya mdudu wa kipindupindu. Robert Koch alimtambulisha mwaka 1883 na 1884. Yaani Christie hakumjua adui kwa sura, lakini alijua barabara yake. Ugonjwa uliingia na misafara mpaka ukavuka ziwa. David Livingstone, aliyekuwa amekwama Kabambare mwaka 1870, aliandika katika daftari lake juu ya vifo kule Maniema. Kabambare ni jirani yetu wa magharibi. Kutoka Pangani mpaka pale, kwa miguu na mitumbwi, hakuna simu, hakuna gari. Uzi baada ya uzi tu.

Leo sisi wa Baraka hatuhitaji kuambiwa kipindupindu ni nini. Kila mara watafiti wanapochora ramani ya ugonjwa huo katika Kongo, miji ya maziwa ndiyo inayojitokeza: Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, na sisi Fizi tuko katikati. Maji machafu ni sababu, hilo halina ubishi. Lakini bandari ni fundo lenye nyuzi nyingi, na fundo la namna hiyo linapokea kila kitu mapema na kukitoa haraka.

Sasa nirudi kwenye mihogo, maana hapo ndipo shamba langu. Mihogo yenyewe ni mgeni. Ilitoka Amerika ya Kusini na Wareno, karne ya 16, ikaingia Kongo kwa upande wa bahari, ikapanda kidogo kidogo mpaka tukasahau kwamba bugali na sombe vina asili ya kigeni. Ugonjwa wa mozaiki uliandikwa mara ya kwanza na mtaalamu Mjerumani, Warburg, mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara.

Mwisho wa miaka ya 1980 mozaiki kali ilizuka Uganda. Wataalamu walioifuata waliona mstari wake wa mbele unasogea kilomita 20 mpaka 30 kwa mwaka. Wakulima wengi wa Uganda waliacha kabisa kulima mihogo, na njaa ikafuata sehemu za mashariki na kaskazini. Kisha ikashuka, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, na kwetu. Michirizi ya kahawia nayo ilionekana upya Uganda mwaka 2004, na mwaka 2012 watafiti wakatangaza kuikuta Kivu Kaskazini. Haikukaa huko.

Ili kuelewa mwendo wake, mjue kwamba magonjwa haya yana nyuzi za aina mbili. Uzi mfupi ni inzi mweupe, yule mdudu mdogo anayekaa chini ya jani. Yeye anatoa virusi shamba hili na kupeleka shamba la jirani. Kwa ugonjwa wa michirizi hasa, anaweza kubeba virusi muda mfupi tu, kwa hiyo hafiki mbali. Uzi mrefu ni sisi. Ni mtu aliyefunga miti ya mihogo kwa kamba na kuipandisha kwenye moto au kwenye boti.

Mwaka 1998 wataalamu wawili, Duncan Watts na Steven Strogatz, walionyesha kwa hesabu jambo la ajabu. Chukua wavu ambao kila fundo limeungana na majirani zake tu. Kitu kikianza upande mmoja kitachukua muda mrefu kufika upande wa pili. Sasa hamisha nyuzi chache tu, ziwe ndefu, zikatize katikati. Majirani wanabaki karibu wale wale, lakini ghafla kila mtu yuko karibu na kila mtu. Si lazima nyuzi ndefu ziwe nyingi.

Nilipotazama kaye yangu niliona hilo hilo. Katika nyumba 43, nyingi zilipata mbegu kwa jirani. Lakini ile mistari iliyopeleka ugonjwa mbali ilikuwa minne tu. Mmoja ulikuwa wangu mimi, Rusizi mpaka Baraka. Mwingine ulinishangaza: fungu moja lilivuka kwenda Ubwari kwa sababu wamama wawili walikuwa majirani Nyarugusu. Mnajua historia hiyo. Vita ya 1996 iliwamwaga watu wa Fizi ng'ambo ya ziwa, wakawekwa katika kambi kule Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 boti zilianza kuwarudisha, wakishukia hapa Baraka. Kila mtu alienda kwao. Lakini mtu aliyekaa na mwenzake miaka, wakachota maji pamoja, wakazika pamoja, uzi huo haukatiki kwa sababu mmoja amerudi Ubwari na mwingine Baraka. Vita ilitutawanya, na kwa kututawanya ikatufungia nyuzi ndefu ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Nyuzi hizo zimepitisha pesa za hospitali, habari za misiba, wachumba. Safari hii zilipitisha ugonjwa. Uzi haubagui.

Jambo la pili nililoliona: mafundo hayalingani. Nyumba nyingi zilimpa mtu mmoja au wawili, basi. Lakini wamama watatu peke yao walikuwa wamegawia karibu nusu ya kaye. Mwaka 1999 Barabási na Albert walieleza kwa nini nyavu nyingi ziko hivyo: anayejulikana ndiye anayeendewa, na kila anayemwendea anamfanya ajulikane zaidi. Sawa vile Ujiji wakati wa misafara. Ukiondoa kijiji kimoja kidogo njiani, msafara unapita pembeni. Ukifunga Ujiji, biashara yote inayumba.

Tena kuna kitu alichokiandika mwanasosholojia Scott Feld mwaka 1991: kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Mtaona kama ni utani, lakini ni hesabu. Mtu mwenye marafiki wengi anahesabiwa na wengi. Kwa hiyo ukitaka kumpata mwenye nyuzi nyingi bila kuchora wavu mzima, usimtafute wewe. Mwulize mtu yeyote: "Mbegu unaitoa kwa nani?" Majina yatajirudia. Kwangu yalijirudia matatu, na moja lilikuwa la mama yangu mdogo.

Mpaka hapa mtaona ni rahisi: tumejua njia, tumejua mafundo makubwa, tupitishe dawa njia ile ile. Mimi pia niliamini hivyo. Nilisimama kanisani baada ya tangazo, nikaeleza. Nikatuma ujumbe kwa simu. Nikawaambia wale wamama watatu. Ndani ya wiki mbili kila mtu alikuwa amesikia, hata Ubwari. Nilichokuwa nataka: kila mmoja ang'oe mihogo yenye ugonjwa, ale au auze sehemu iliyo nzima, apande mahindi au maharage msimu mmoja, kisha apokee mbegu mpya iliyopimwa. Nani aling'oa? Hakuna. Hata mmoja.

Nilikasirika. Nikasema watu wetu ni wagumu. Baadaye nilisoma juu ya wakulima wa Iowa, Marekani. Ryan na Gross, mwaka 1943, waliandika namna wakulima 259 walivyopokea mahindi mapya ya mbegu chotara. Mbegu hiyo ilianza kupokelewa karibu mwaka 1928, na kufika 1941 karibu wote walikuwa wanaitumia. Habari walizipata kwanza kwa wauzaji wa mbegu. Lakini kilichowafanya waamue kilikuwa ni jirani. Na hata wao, wenye matrekta, walichukua miaka, wakijaribu kipande kidogo kwanza. Kumbe ugumu si wa watu wa Fizi peke yao.

Watafiti wa nyavu wameeleza tofauti yenyewe. Damon Centola na Michael Macy, mwaka 2007, walitenganisha mienendo miwili. Kuna vitu ambavyo vinahitaji mguso mmoja tu: virusi, uvumi, habari. Uzi mmoja unatosha, na uzi mrefu ni mzuri zaidi. Mark Granovetter alikuwa ameonyesha tangu 1973 nguvu ya watu tunaojuana nao kwa mbali tu katika kutuletea habari mpya. Lakini kuna vitu vinavyohitaji miguso mingi, hasa vile vyenye hatari. Mtu hataki kuwa wa kwanza, wala peke yake. Anataka kuona wawili, watatu, watu anaowaamini, wamefanya na hawakufa njaa. Kwa vitu hivyo uzi mrefu mmoja hausaidii kitu. Unahitaji sehemu ya wavu iliyosukwa kwa karibu.

Mama mdogo alikuwa ameniambia jambo hilo hilo, bila kitabu. Nilipomuuliza kwa nini yeye, mama yangu, hajang'oa, alijibu: "Nikingoa peke yangu, watoto wakilala njaa, watasema ni mimi mpumbavu. Tukingoa wote, ni msimu mubaya tu." Nilikuwa nimemwomba mtu anayelisha watoto sita aweke chakula chao juu ya neno langu, neno la mtu yule yule aliyemletea mbegu mbaya. Tatizo halikuwa kichwa kigumu. Alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Basi tukaacha kutangaza. Tulichagua mashamba matano yanayopakana, ya wamama wa AVEC moja, wanaofahamiana tangu zamani. Walikubaliana kung'oa wiki moja. Sanduku la AVEC likaahidi mkopo wa unga kwa yeyote ambaye atakwama. Nilileta mahindi ya kupanda, safari hii kwa pesa zangu. Waling'oa watano. Msimu uliofuata, bila mimi kusema neno, waliopakana nao wakaja kuuliza: saba, kisha wengine wanne. Mwendo ulikuwa wa polepole, shamba kwa shamba, sawa vile doa la mafuta kwenye kitambaa. Ugonjwa ulivuka ziwa kwa fungu moja, lakini dawa yake ilikuwa inatembea kwa miguu.

Sitawadanganya kwamba tumemaliza. Katika nyumba 43, nilizohesabu kuwa zimebadili mbegu ni 26. Ubwari bado, kwa sababu kule kuna nyumba moja moja ambazo zimepokea, na kila moja inangoja nyingine. Sasa najua kwa nini, na najua kwamba kupeleka fungu moja na maneno mazuri hakutoshi. Itabidi nipate nyumba nne au tano zinazoaminiana, sehemu moja, siku moja.

Kwa wenzangu wa chama, hasa mnaofanya kazi ya afya, kilimo na shule, nawaachia mambo matatu. La kwanza, kabla ya kugawa kitu chochote, fuata kinatoka wapi, na kwa mihogo usitazame majani tu, kata na mzizi. La pili, kwa kuzuia, tafuta nyuzi ndefu na mafundo makubwa: bandarini, sokoni, kwa wale wamama ambao majina yao yanajirudia. Kukagua mbegu za watu watatu ni kazi ya siku moja, kukagua za nyumba 43 ilinichukua mwezi. La tatu, kwa kubadili mwenendo, kama ni kuchemsha maji, kuchanja watoto au kung'oa mihogo, usijivunie kwamba habari imefika kila mahali. Kufika kwa habari ni kazi ya uzi mmoja. Kubali kuanza na watu wachache wanaoshikana.

Mama mdogo bado ananiita Agronomu. Lakini siku hizi, kila nikimletea kitu cha kupanda, anachukua kisu kwanza, anakata, anatazama ndani, ndipo ananikaribisha kukaa.